Muulize Kocha: Barua za wasichana wanaoruka juu

Toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu Yaroslava Mahuchikh wa Ukraine, aliyeruka mita 2.10 jijini Paris tarehe 7 Julai 2024 na kuifuta rekodi ya Stefka Kostadinova wa Bulgaria, mita 2.09, iliyokuwa imesimama tangu Agosti 1987. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko ukurasa huu. Karibu zote zimetoka kwa wasichana wanaoruka, au kwa mama zao, na karibu zote zina hofu moja: kwamba wakati unawakimbia. Nimechagua chache. Najibu kama ninavyojibu uwanjani, bila kuzunguka.

Shikamoo Kocha. Binti yangu ana miaka 15. Akiwa na miaka 13 aliruka mita 1.58, kila mtu akamwita nyota. Tangu hapo amerefuka sana, lakini mwaka huu hata 1.50 inamshinda. Mwalimu wake anasema kipaji kimeisha, ahamie kwenye mkuki. Mtoto analia kila siku. Nimwambie nini? (Mama wa mruka juu)

Marahaba, mama. Mwambie kwanza afute machozi. Kipaji hakiondoki msichana anapovunja ungo. Kilichopitwa na wakati ni vipimo vyake vya mkimbio, na hivyo hurekebishwa kwa tepu na chaki.

Mruka juu hukimbia hatua nane hadi kumi na mbili kabla ya kuruka. Za mwanzo huenda moja kwa moja, nne au tano za mwisho hupinda kuelekea kwenye ufito. Mahali pa kuanzia hupimwa kutoka kwenye mlingoti na kuwekwa alama. Sasa mchukue binti aliyerefuka miguu. Tuseme kila hatua yake imeongezeka sentimita 5. Kwa hatua kumi, hiyo ni nusu mita nzima. Akianzia kwenye alama ya mwaka juzi atajikuta chini ya ufito kabisa, na ataupiga kwa bega akiwa bado anapanda. Aliyeketi jukwaani ataona msichana aliyepoteza kipaji. Mimi naona alama isiyo mahali pake.

Niliwahi kuwa na binti wa namna hiyo hiyo. Siku moja niliuondoa ufito, nikachuchumaa kando ya mlingoti, nikamwambia akimbie kama kawaida na akanyage tu pale anaporukia. Njumu zake ziliacha vitundu kwenye sakafu ya raba, nikavizungushia chaki. Akarudia, vikaangukia palepale, kiganja kimoja tu kutoka usawa wa ufito. Nilipomwita aje kutazama alinyamaza, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo si mimi?” Tukausogeza mwanzo wa mkimbio nyuma, tukashusha ufito, tukaanza na hatua tano, halafu saba. Hatukuzungumzia urefu wowote kwa muda mrefu.

Lipo na jambo la pili. Katika umri huo nyonga hupanuka na uzito huongezeka kabla mapaja hayajapata nguvu ya kuubeba. Nguvu hiyo huja, ila huchelewa, na hakuna mwalimu anayeweza kuiharakisha bila kumuumiza mtoto magoti. Kwa sasa aruke sana kwa mtindo wa mkasi, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata, aangukie miguu. Mtindo huo unafundisha kupanda juu badala ya kujitupa nyuma. Wala si mchezo wa kitoto: Iolanda Balaș wa Romania aliutumia kushinda Olimpiki za 1960 na 1964, na kuweka rekodi ya dunia mara 14.

Mama, ukitaka kumsimulia kisa kimoja usiku akiwa hana usingizi, msimulie cha Ulrike Meyfarth wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1972 huko Munich, akiwa na miaka 16 tu, alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa mita 1.92 na kuifikia rekodi ya dunia. Miaka minne baadaye, Montreal, hata fainali hakufika. Fikiria yule msichana: nchi nzima inamfahamu, na yeye anarudi nyumbani raundi ya kwanza. Olimpiki ya 1980 nchi yake ikasusia. Wangapi walimwambia imekwisha? Mwaka 1982 akawa bingwa wa Ulaya na rekodi ya dunia ya 2.02, mwaka uliofuata akaruka 2.03, na mwaka 1984, Los Angeles, akachukua dhahabu yake ya pili kwa 2.02. Kati ya dhahabu na dhahabu ilipita miaka 12.

Ruth Beitia wa Hispania naye alipata dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 37, baada ya kumaliza wa nne London 2012, kutangaza kustaafu, kisha kurudi. Mchezo huu unamruhusu mwanamke kukomaa. Ni michezo michache yenye huruma hiyo, na mimi huumia ninapoona watu wazima wakimnyang'anya mtoto miaka ambayo mchezo wenyewe haujamnyima.

Kuhusu mkuki: akipenda aurushe pia. Nafissatou Thiam wa Ubelgiji, bingwa wa Olimpiki wa michezo saba mara tatu, hurusha mkuki na ameruka mita 2.02. Lakini aende huko kwa kupenda, asifukuzwe.

Kocha, nina urefu wa mita 1.66. Wote ninaoshindana nao wananizidi kichwa. Nijidanganye? (Mfupi wa kimo)

Hujidanganyi. Antonietta Di Martino wa Italia alikuwa na kimo cha mita 1.69, akaruka 2.04 ndani ya ukumbi mwaka 2011. Ni sentimita 35 juu ya utosi wake. Kajsa Bergqvist wa Sweden hakuwa mrefu sana naye, 1.75, na aliruka 2.08 ukumbini mwaka 2006. Ni kweli mrefu huanza akiwa na faida, maana kiuno chake tayari kiko juu. Wewe utaitafuta faida yako kwenye kasi ya mkimbio na ukali wa mguu wa kurukia. Fanya mazoezi ya mbio fupi kwa bidii kuliko wao, na usiige mkimbio wa mtu mrefu hata kama ni bingwa.

Kocha, nilitazama fainali ya Paris 2024 nikakasirika. Mahuchikh na Nicola Olyslagers wa Australia wote walivuka mita 2.00. Kwa nini mmoja apewe dhahabu na mwingine fedha? (Mpenda haki)

Kwa sababu karatasi ya hakimu haiandiki urefu peke yake, inaandika na makosa. Walioishia urefu mmoja hulinganishwa kwanza kwa makosa waliyofanya kwenye urefu huo wa mwisho waliouvuka. Wakilingana bado, huhesabiwa makosa yote tangu mwanzo wa shindano hadi hapo. Wakilingana tena, na ni nafasi ya kwanza, huruka tena mpaka mmoja apatikane, au hukubaliana kugawana, kama walivyofanya wanaume wawili, Mutaz Barshim na Gianmarco Tamberi, Olimpiki ya Tokyo.

Mimi naiona ni haki kabisa. Rio 2016 wanawake wanne walivuka 1.97. Wanne! Beitia akapata dhahabu, Mirela Demireva wa Bulgaria fedha, Blanka Vlašić wa Kroatia shaba, na Chaunte Lowe wa Marekani akaondoka bila medali. Mwaka 1948 London, Alice Coachman wa Marekani na Dorothy Tyler wa Uingereza wote walivuka 1.68, lakini Coachman aliuvuka kwa jaribio la kwanza. Ndivyo alivyokuwa mwanamke mweusi wa kwanza duniani kupata dhahabu ya Olimpiki. Huyo alikulia Georgia enzi za ubaguzi, viwanja vya wazungu hakuruhusiwa kuvikanyaga, akajifunza pekupeku kwenye barabara za vumbi. Jaribio lake moja safi lilitosha.

Kwa hiyo wewe unayeshindana, usichezee urefu mdogo. Wasichana wengi huuchukulia ule wa kuanzia kama kupasha misuli moto, wanauangusha mara moja, wanacheka. Kosa hilo limeshaandikwa. Na kumbuka kwamba makosa matatu mfululizo yanakutoa, hata kama hayakuwa kwenye urefu mmoja. Ukiangusha mara mbili ukaamua kusubiri urefu unaofuata, unao mruko mmoja tu huko.

Shikamoo Kocha. Nina miaka 19, niko timu ya taifa ya vijana. Kocha wangu aliniambia nipungue kilo tano. Nimepungua nne na kweli nimeongeza sentimita tatu. Lakini miezi sita sasa sioni siku zangu, na ugoko wa mguu wa kushoto, ule wa kurukia, unauma hata usiku. Nimalizie kilo iliyobaki? (Tafadhali usiandike jina langu)

Marahaba, binti yangu. Hapana. Usimalizie. Na usiruke tena mpaka mguu huo upigwe picha.

Nitakueleza kwa nini, kwa sababu najua sentimita tatu zinakushawishi kuliko maneno yangu. Mwili mwepesi hupanda kwa urahisi, hilo ni kweli, na ndiyo maana uongo huu unaaminika. Wiki za mwanzo unaruka vizuri. Wakati huohuo mwili unaona chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa, unaanza kuzima usivyovihitaji leo, na cha kwanza ni hedhi. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni imeshuka. Estrojeni ndiyo inayolinda mifupa. Umri wako ndio mifupa bado inajiwekea akiba ya maisha yote, nawe unaitoa akiba hiyo kabla haijaingia.

Sasa fikiria unachokifanya unaporuka. Unakuja kwa kasi, unakanyaga mguu mmoja, na kwa muda usiofika moja ya tano ya sekunde mguu huo unapokea nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Mfupa wenye afya hustahimili. Mfupa wenye njaa hupata ufa mwembamba, na ufa huo huuma kama unavyosema: kwanza baada ya mazoezi, kisha wakati wa mazoezi, mwisho hata ukiwa umelala. Maumivu ya usiku kwenye ugoko mimi huyachukulia kama kengele ya moto.

Nenda kwa daktari wiki hii. Mweleze yote mawili, mguu na hedhi, katika sentensi moja, maana madaktari wengi wataangalia mguu tu usipowaambia. Picha ya kwanza ya eksirei inaweza isioneshe ufa mdogo, kwa hiyo ikiwa safi na maumivu yapo, omba MRI. Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu irudi, uliza vizuri: damu ya vidonge haimaanishi mwili umepona, na inaweza kukuficha tatizo. Kinachotibu ni chakula cha kutosha na mapumziko. Wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki waliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia ni uvivu au ni mambo ya kike.

Kuhusu kocha wako, mtafute mtu mzima mwingine unayemwamini, mama, dada mkubwa au daktari wa timu, akusindikize kuzungumza naye. Usiende peke yako. Akikataa kusikia, badilisha kocha. Utapoteza msimu. Nimewaona waliopoteza msimu wakarudi wakaruka miaka mingi. Waliouvunja mguu wa kurukia mara mbili, mara tatu, wengi wao sikuwaona tena uwanjani.

Niandikie tena ukishaonana na daktari. Nasubiri barua yako.

Kocha, nimejifungua miezi minne iliyopita. Rekodi yangu ni 1.86. Watu wananiambia sasa nimekuwa mama, niachie wasichana. Ninatamani kurudi, lakini naogopa. (Mama mchanga)

Hongera sana, mama! Na hao watu hawaijui historia ya mchezo wako.

Dorothy Tyler niliyemtaja hapo juu alipata fedha Berlin 1936 akiwa na miaka 16, vita vikapita, akazaa watoto wawili wa kiume, na mwaka 1948 akapata fedha nyingine. Debbie Brill wa Kanada aliweka rekodi ya dunia ya ukumbini, 1.99, mwaka 1982, miezi mitano baada ya kujifungua. Kostadinova alijifungua Januari 1995, Agosti mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia huko Gothenburg, na mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta kwa 2.05. Rekodi yake ya dunia aliiweka akiwa msichana. Dhahabu ya Olimpiki aliipata akiwa mama. Chaunte Lowe alikuwa mama wa watoto watatu alipoingia fainali ya Rio.

Lakini usikimbizane na miezi ya Brill wala ya Kostadinova. Kila mwili una safari yake, na kama ulijifungua kwa upasuaji yako ni ndefu zaidi. Anza na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi. Ukikohoa au kurukaruka kidogo na mkojo ukavuja, bado. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia wa wanawake, kuna mazoezi yake na yanasaidia. Fuata nguvu za mapaja na mgongo, kisha mbio nyepesi, kisha mkasi wa hatua tatu. Mgeuko wa mgongo juu ya ufito uwe wa mwisho kabisa kurudi, maana viungo vya nyonga hubaki vimelegea kwa muda baada ya uzazi. Unaponyonyesha, kula zaidi ya ulivyokula ukiwa mwanariadha tu. Nyonyesha kabla ya mazoezi, si baada; kifua kitakuwa chepesi.

Na vaa sidiria ya michezo inayobana sawasawa. Hakuna anayewaambia wanawake jambo hili, nalo linaharibu mazoezi mengi.

Kocha, nitaishi kwa kuruka juu? (Mwanafunzi)

Wachache sana wanaishi kwa mchezo huu peke yake. Bingwa wa dunia Tokyo 2025 alipata dola 70,000 kutoka Shirikisho la Riadha la Dunia, na shirikisho hilohilo lilitoa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha Olimpiki ya Paris 2024. Hizo ni za mtu mmoja. Anayeishia wa nane analipa kocha, nauli na matibabu kwa hela ndogo sana. Njia inayowafikisha wengi ni ufadhili wa chuo, ajira inayokupa muda wa mazoezi, au klabu inayolipa posho. Beitia alisomea fiziotherapia na alikuwa mbunge wa bunge la jimbo lake la Cantabria huku akiendelea kuruka. Soma. Shahada haimzuii mtu kuvuka ufito.

Kocha, navuka vizuri, mgongo unapita, halafu kisigino kinaangusha ufito. Kila mara! Tatizo ni nini? (Visigino)

Yanaweza kuwa mawili. La kwanza, unarukia mbali mno, kwa hiyo kilele cha mruko wako kiko kabla ya ufito. Nyonga zinapita lakini miguu inapita ukiwa tayari unashuka. Dalili yake ni kuangukia mwanzoni mwa godoro, karibu na ufito. La pili, unachelewa kuvunja mgeuko. Nyonga zikishavuka tu, vuta kidevu kifuani. Miguu itanyooka yenyewe kwenda juu. Wengi huendelea kutazama mbingu kwa raha ya kuvuka.

Kaa ukingoni mwa godoro, jiangushe chali, vuta kidevu, nyoosha miguu. Rudia mpaka shingo iwe imeizoea kazi hiyo bila kufikiri. Kisha mwambie mwenzako akurekodi kwa simu akiwa ubavuni, usawa wa ufito, si kutoka mbele. Kutoka mbele kila mruko huonekana mzuri. Ukiona unaangukia katikati ya godoro na bado kisigino kinagusa, ni kidevu. Ukiona unaangukia mwanzoni, sogeza alama yako mbele kwa unyayo mmoja, ujaribu tena.